Kompresa ya hidrojeni ya kielektrokemia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hali za uendeshaji

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi, mafundi na watafiti wanaoanza kushughulika na kompresa isiyo na pistoni wala injini. Wengi hufika na swali moja: "Ufanisi wake ni asilimia ngapi?" Swali hilo halijibiki mpaka mtu ataje halijoto, shinikizo la kuingilia na la kutokea, mkondo wa umeme na hali ya maji ndani ya utando. Seli ileile inaweza kutumia umeme mara mbili au hata mara kumi zaidi kwa kila kilo ya hidrojeni, bila kuwa mbovu, ikiendeshwa katika hali isiyoifaa.

Bila pistoni, gesi inabanwaje?

Katikati ya seli kuna utando wa plastiki maalumu unaopitisha protoni na kuzuia elektroni. Unaotumika zaidi ni wa jamii ya Nafion, jina la kibiashara la plastiki hiyo. Kila upande wa utando umepakwa kichocheo cha platini. Hidrojeni ya shinikizo la chini huingia upande wa anodi, na hapo kila molekuli huvunjwa kuwa protoni 2 na elektroni 2. Elektroni huzunguka kwa njia ya waya wa nje zikisukumwa na chanzo cha umeme, na protoni hukata moja kwa moja kupita kwenye utando. Zikikutana upande wa kathodi, molekuli ya hidrojeni huundwa upya. Ukiufunga mlango wa kathodi, molekuli huendelea kuzaliwa ndani ya chumba kilekile na shinikizo hupanda.

Wazo si geni. Mvumbuzi aitwaye Maget alipata hataza ya Marekani mwaka 1970 kwa kusafisha gesi ya hidrojeni kwa njia hiihii. Kutokana na sheria za Faraday, kiasi cha gesi kinachovuka kinajulikana kwa kuusoma mkondo tu: ampea 1 husukuma takriban gramu 0.0376 za hidrojeni kwa saa katika kila seli. Seli ya sentimita 100 za mraba ikibeba ampea 1 kwa kila sentimita ya mraba hupitisha gramu 3.76 kwa saa. Ukitaka gramu 376 kwa saa, panga seli 100 za namna hiyo.

Shinikizo la kutokea likipanda, volti inayohitajika hupanda kwa kiasi gani?

Kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani, na huu ndio uzuri mkubwa wa mashine hii. Kanuni ya Nernst inasema volti ya chini kabisa inategemea logi ya uwiano wa mashinikizo mawili. Katika nyuzi joto 25 za Selsiasi, kila mara shinikizo linapozidishwa kwa 10, volti huongezeka kwa milivolti 30 hivi. Kutoka bar 1 hadi 10 ni milivolti 30, hadi 100 ni milivolti 59, na hadi 700 ni milivolti 84. (Bar 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa usawa wa bahari.) Hivyo hatua ya kutoka 1 hadi 10 hugharimu sawa na hatua ya kutoka 10 hadi 100.

Ili kugeuza volti kuwa nishati, kumbuka kwamba kila milivolti 100 kwenye seli ni kilowati-saa 2.66 kwa kilo ya hidrojeni, iwapo hakuna gesi inayopotea. Kwa hesabu hiyo, kutoka bar 1 hadi 700 kungehitaji kilowati-saa 2.2 tu, wakati kilo hiyo yenyewe hubeba nishati ya kilowati-saa 33.3.

Shinikizo likiwa kubwa sana, hidrojeni huacha kufuata sheria ya gesi kamilifu. Karibu na bar 700, ongeza milivolti 5 au 6 juu ya hesabu ya kawaida.

Hesabu inanipa milivolti 59, lakini mita inasoma 250. Nyingine zimekwenda wapi?

Nyingi zimekwenda kwenye ukinzani wa utando. Chukua Nafion 117, wenye unene wa mikromita 180 hivi. Ukiwa umeshiba maji katika joto la chumba, upitishaji wake wa protoni ni karibu 0.1 siemens kwa sentimita. Ukipitisha ampea 1 kwa kila sentimita ya mraba, utando huo peke yake unakula milivolti 180 hivi. Jumlisha na 59, kisha weka kidogo kwa ajili ya migusano ya vyuma na tabaka za kusambaza gesi, na 250 yako imepatikana.

Kichocheo hakina lawama kubwa hapa. Kuvunja na kuunda hidrojeni juu ya platini safi ni miongoni mwa matendo ya haraka mno katika elektrokemia, ndiyo maana mchoro wa volti dhidi ya mkondo wa seli yenye afya ni karibu mstari ulionyooka. Ukiona mstari unapinda kuelekea juu, tatizo ni ukavu, au gesi haifiki kwenye kichocheo, au kichocheo kimetiwa sumu. Umbo la mstari huo huniambia mengi kuliko namba moja ya ufanisi.

Kwa nini shinikizo linashuka lenyewe nikizima umeme?

Kwa sababu utando si ukuta kamili. Hidrojeni huyeyuka ndani yake upande wenye shinikizo kubwa, hupenya taratibu na kutokea upande mwingine. Hilo hutokea wakati wote, hata mashine ikiwa inafanya kazi. Ukizima ndipo linaonekana wazi kwa kuwa hakuna tena kinachoirudisha. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kwa Nafion 117 uliolowa katika nyuzi 80, gesi inayorudi ni sawa na mkondo wa karibu nusu miliampea kwa sentimita ya mraba kwa kila bar 1 ya tofauti. Katika bar 10 hutaiona. Katika bar 100 ni miliampea 45 au 50. Katika bar 700 ni zaidi ya miliampea 300, kiasi ambacho seli nyingi za majaribio huendeshwa kwacho kwa mkondo wote. Maana yake ni kwamba unaweza kulipia umeme saa nzima huku gesi ikizunguka tu, ikienda kathodini kwa umeme na kurudi anodini kwa kupenya, bila chochote kuingia kwenye tangi.

Ukivuta mkondo mdogo dhidi ya shinikizo kubwa, shinikizo litapanda hadi mahali fulani na kusimama. Watu hudhani pana uvujaji kwenye viungo na kuanza kukaza bolti. Mara nyingi seli imefika tu kwenye usawa, ambapo gesi inayosukumwa ni sawa na inayorudi. Ongeza mkondo kidogo uone. Shinikizo likianza kupanda tena na kusimama juu zaidi, huenda ni usawa wa namna hiyo, ingawa uvujaji mdogo nao unaweza kuonekana hivyo.

Basi niendeshe kwa mkondo gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linakutanisha hasara mbili zinazovutana. Mkondo mdogo hupunguza hasara ya ukinzani, lakini gesi inayorudi inakuwa sehemu kubwa ya yote. Mkondo mkubwa huifanya gesi inayorudi ionekane ndogo, lakini ukinzani unapandisha volti.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme seli inabana kutoka bar 1 hadi 100 katika nyuzi 80, volti ya Nernst ni milivolti 70, ukinzani wote ni ohm 0.12 kwa sentimita ya mraba, na gesi inayorudi ni sawa na miliampea 45 kwa kila sentimita ya mraba.

Kwa miliampea 50, volti ni ndogo sana, milivolti 76 tu. Lakini miliampea 45 kati ya hizo 50 zinarudi nyuma, kwa hiyo kila kilo inayobaki imegharimu kilowati-saa 20. Ukipanda hadi miliampea 100, gharama huporomoka hadi kilowati-saa 4. Kwa miliampea 200 ni karibu 3.2, na hapo ndipo chini kabisa. Kwa 300 ni 3.3. Ukifika 1000, yaani ampea 1, gharama imerudi hadi 5.3.

Ukichora gharama hiyo dhidi ya mkondo utapata bonde. Tazama lilivyo. Upande wa kushoto ni genge, upande wa kulia ni mteremko wa pole. Ukikosea kwa kuweka mkondo mdogo mno utaumia vibaya, na ukikosea kwa kuzidisha utalipa zaidi lakini kwa kiasi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kukaa kulia kwa sehemu ya chini. Unapata gesi nyingi zaidi kutoka seli zilezile, na usalama dhidi ya lile genge. Kumbuka pia kwamba genge husogea: ukiongeza shinikizo la kutokea, linahamia kulia pamoja na mkondo ulio bora. Mashine inayojaza tangi kutoka tupu hadi kujaa haina mkondo mmoja ulio bora kwa safari nzima.

Kuongeza joto husaidia au huharibu?

Hufanya yote mawili. Kutoka nyuzi 30 hadi 80, upitishaji wa protoni katika Nafion wenye maji ya kutosha huongezeka kwa karibu asilimia 80. Katika seli ya Nafion 117 kwa ampea 1, hiyo ni akiba ya milivolti 80 hivi. Kwa upande wa hasara, volti ya Nernst hupanda kulingana na joto. Kwa uwiano wa 100 ni milivolti 11 zaidi kati ya nyuzi 25 na 80. Gesi nayo hupenya kwa wingi zaidi utando ukiwa wa moto.

Kwa hiyo jibu linategemea mkondo. Ukiendesha kwa mkondo mkubwa, joto linakufaa sana. Ukiendesha kwa mkondo mdogo dhidi ya shinikizo kubwa, joto linakuumiza, kwa sababu unachookoa kwenye ukinzani ni kidogo kuliko unachopoteza kwa gesi inayorudi.

Halafu kuna mvuke. Katika nyuzi 80, shinikizo la mvuke wa maji ni bar 0.47. Kama gesi inayoingia anodini ina bar 1 na imeshiba mvuke, karibu nusu ya gesi hiyo ni maji! Hidrojeni imebaki na bar 0.53, na volti ya Nernst imepanda kwa milivolti nyingine 9 au 10. Wengi husahau kuliweka hili kwenye hesabu zao, kisha wanashangaa kwa nini nyuzi 65 zilifanya vizuri kuliko 80.

Juu ya nyuzi 90 hivi, utando wa aina hii huanza kukauka upesi na kulainika, na kitu laini kilicho chini ya tofauti ya mamia ya bar hujipenyeza kwenye kila tundu kinaloliona. Kwa shinikizo kubwa mimi nisingekwenda huko.

Je, seli yenyewe hutoa joto jingi?

Karibu umeme wote unaoingia hutoka kama joto, kwa kuwa gesi kamilifu iliyobanwa bila kubadilika halijoto haibebi nishati ya ndani zaidi ya mwanzo. Kwa milivolti 190 na ampea 1, ni wati 0.19 kwa sentimita ya mraba. Ni joto la wastani, rahisi kuondolewa, lakini katika rundo la seli nyingi zilizobanana, seli za katikati zitakuwa na joto kuliko za pembeni na zitakauka kabla yao.

Kila mtu husema tatizo ni maji. Kwa nini?

Kwa sababu protoni haisafiri peke yake. Inapovuka utando huvuta molekuli za maji: karibu 1 kwa kila protoni kama utando unapata maji kwa mvuke, na karibu 2.5 kama umezama kwenye maji. Tuchukue ile ndogo, yaani 1. Kila molekuli ya hidrojeni ina protoni 2, kwa hiyo huhamisha molekuli 2 za maji. Kwa uzito, kila gramu 1 ya hidrojeni huvusha gramu 18 za maji kutoka anodi kwenda kathodi.

Sasa jiulize maji hayo yatatoka wapi. Hidrojeni ya bar 1 iliyoshiba mvuke katika nyuzi 60 huleta gramu 2.2 tu za maji kwa kila gramu ya hidrojeni. Katika nyuzi 80 huleta karibu gramu 7.9. Hata hapo hujafika nusu ya 18. Yaani katika halijoto hizi gesi iliyonyeveshwa kwa asilimia 100 haiwezi peke yake kufidia maji yanayovutwa. Sehemu kubwa ya maji lazima irudi yenyewe kupitia utando, kutoka kathodi iliyolowa kwenda anodi iliyokauka. Utando mwembamba hulirahisisha hilo, mnene hulichelewesha. Mkondo ukipanda kuliko uwezo wa maji kurudi, upande wa anodi unakauka, ukinzani unapanda, joto linaongezeka, ukavu unazidi. Ni mzunguko mbaya, na volti inaweza kupaa ndani ya dakika chache.

Kumbe dawa ni kumwaga maji mengi zaidi anodini?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Tazama upande wa kutokea. Gesi yenye bar 100 katika nyuzi 80 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 0.04 za maji kwa kila gramu ya hidrojeni, kwa sababu mvuke una bar 0.47 tu kati ya bar 100 zote. Ulileta gramu 7.9, na gesi inaondoka na 0.04. Zilizobaki zinageuka maji ndani ya kathodi, na shinikizo kubwa la kathodi linayasukuma yarudi anodini. Huko yanajaza vijitundu vya tabaka la kusambaza gesi, na hidrojeni inashindwa kukifikia kichocheo.

Ndiyo maana seli ileile inaweza kukauka kwa shinikizo dogo na kufurika kwa shinikizo kubwa, ilhali hujagusa chombo cha kunyevisha gesi. Kwa shinikizo dogo, gesi inayotoka huondoka na mvuke mwingi. Kwa shinikizo kubwa, maji hayana pa kwenda isipokuwa kurudi. Kadiri shinikizo la kutokea linavyopanda, punguza unyevu wa gesi inayoingia. Njia rahisi ni kushusha joto la chombo cha kunyevisha liwe chini ya joto la seli kwa nyuzi kadhaa. Na uwe na njia ya kutoa maji yaliyokusanyika kathodini bila kupoteza shinikizo.

Nitatofautishaje ukavu na mafuriko? Vyote vinapandisha volti.

Pima ukinzani kwa mkondo geu wa masafa ya juu, elfu kadhaa za mizunguko kwa sekunde. Utando uliokauka huonyesha ukinzani uliopanda. Seli iliyofurika huonyesha ukinzani uleule wa kawaida, au hata chini kidogo, huku volti ikiwa juu. Kama huna kifaa hicho, angalia mwendo wa volti. Ukavu hupanda polepole na kwa ulaini. Mafuriko huruka-ruka: volti inapanda, tone la maji linasukumwa, inashuka, kisha inapanda tena.

Jaribio jingine ni kupunguza mkondo kwa nusu kwa dakika chache. Seli kavu hujirudia taratibu maji yanaporejea anodini. Seli iliyofurika haina haraka ya kupona kwa njia hiyo. Ipe mtiririko mkubwa wa hidrojeni anodini ili upeperushe maji.

Kuongeza shinikizo la kuingilia kuna faida?

Kubwa. Kanuni ya Nernst inajali uwiano, kwa hiyo kuingiza gesi ya bar 10 badala ya bar 1 kunaokoa milivolti 30, sawa na kilowati-saa 0.8 kwa kilo. Tena, mvuke unakuwa sehemu ndogo ya gesi ya anodi, na hidrojeni inakifikia kichocheo kwa wingi. Kama chanzo chako kinaweza kutoa hata bar 5 bila gharama, usizipoteze kwa kuzishusha na vali kabla ya kuingia. Angalia upande mmoja tu: gesi yenye shinikizo inabeba maji machache kwa kila gramu, kwa hiyo hesabu ya unyevu ifanywe upya.

Gesi yangu si safi. Kompresa itaisafisha?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Utando hupitisha protoni, na nitrojeni au methani huachwa nyuma, isipokuwa kidogo kinachopenya. Lakini zikiachwa hujikusanya anodini na kuizimua hidrojeni, kwa hiyo usifunge njia ya kutokea ya anodi. Acha gesi kidogo ipite, au ifungue kwa vipindi.

Kaboni monoksidi ni habari nyingine. Hung'ang'ania platini na kuziba nafasi za hidrojeni. Katika nyuzi 80, sehemu makumi kwa milioni zinatosha kupandisha volti waziwazi. Kaboni dioksidi nayo si salama kama inavyodhaniwa, kwa kuwa juu ya platini yenye hidrojeni sehemu yake hugeuka kaboni monoksidi. Salfidi ya hidrojeni hushika kwa nguvu zaidi na ni vigumu kuiondoa. Amonia hushambulia utando wenyewe: hugeuka ioni ya amoniamu na kukalia nafasi za protoni, ukinzani ukapanda.

Kwa gesi chafu kiasi hicho kuna utando wa polibenzimidazoli wenye asidi ya fosforasi, unaofanya kazi kati ya nyuzi 120 na 200. Katika joto hilo kaboni monoksidi haishiki sana, hata ikifika asilimia 1, na hakuna haja ya kunyevisha gesi. Bei yake ni utando dhaifu zaidi kimuundo, usiopenda tofauti kubwa ya shinikizo. Mimi ningeutumia kusafisha na kubana kidogo, kisha seli nyingine imalizie kazi.

Utando mnene au mwembamba?

Nafion 212 una mikromita 50 hivi, chini ya theluthi moja ya ule wa 117. Ukinzani wake ni mdogo kwa uwiano huohuo, maji hurudi upesi, lakini gesi inayopenya nayo huongezeka zaidi ya mara tatu. Chini ya bar 30 hivi ningechagua mwembamba bila kusita. Kwa mamia ya bar, mnene, au ulioimarishwa kwa nyuzi ndani. Vyovyote vile, upande wa anodi lazima uwe na kitu kigumu cha kuuegemeza, kama bamba la titani lenye vitundu vidogo. Karatasi ya kaboni peke yake hupondeka.

Nizingatie nini wakati wa kuwasha na kuzima?

Washa gesi kwanza, umeme baadaye. Seli ikikosa hidrojeni huku umeme ukiilazimisha, itatafuta elektroni kwingine: itaichoma kaboni inayobeba kichocheo, na volti ikivuka 1.23 inaweza kuanza kuvunja maji na kutoa oksijeni upande wenye platini na hidrojeni. Hilo ni jambo la hatari, si la kuharibu vifaa tu. Weka kikomo cha volti kinachokata umeme chenyewe, tena kwa kila seli. Katika rundo, seli zote hubeba mkondo mmoja, na kamba hukatikia pembamba: seli moja iliyofurika inaweza kufikia volti 1 wakati wastani wa rundo unaonekana mzuri kabisa.

Ukizima, usiunganishe nyaya za anodi na kathodi. Seli yenye tofauti ya shinikizo ni betri. Ina volti yake ya Nernst na itasukuma mkondo kinyume, huku gesi ikirudi upesi. Na usiachie shinikizo kwa ghafla. Gesi iliyoyeyuka ndani ya utando na ndani ya gasketi hutaka kutoka yote kwa pamoja, na huacha malengelenge. Shusha taratibu, kwa dakika nyingi kama ulitoka mbali.

Hidrojeni inayotoka inaweza kuingizwa moja kwa moja kwenye gari?

Bado. Kiwango cha ISO 14687 kwa magari ya seli za mafuta kinataka maji yasizidi sehemu 5 kwa milioni na kaboni monoksidi isizidi 0.2. Gesi ya bar 100 iliyotoka kwenye seli ya nyuzi 60 ina karibu sehemu 2000 za maji kwa milioni. Hata ya bar 700 iliyopoozwa hadi nyuzi 25 ina 45 hivi. Shinikizo limekufanyia sehemu kubwa ya kazi ya kukausha, lakini chombo cha kufyonza unyevu lazima kiwepo mwishoni, na ukipooze gesi kabla haijakifikia, la sivyo kitashiba mapema.

Nikiandika matokeo yangu, nitaje nini?

Shinikizo la anodi na la kathodi, halijoto ya seli na ya chombo cha kunyevisha, aina na unene wa utando, eneo la seli, mkondo, volti, na kiasi cha hidrojeni kilichotoka kikiwa kimepimwa kwa mita ya mtiririko. Usikikokotoe kutoka kwenye mkondo, kwa kuwa hapo gesi inayorudi hutoweka kwenye hesabu na ufanisi huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Taja pia kama kathodi ilikuwa imefungwa au inatiririsha, na seli ilikaa muda gani katika hali hiyo kabla hujasoma. Nusu saa ni kidogo kwa utando mnene. Maji ndani yake huchukua muda kutulia, na namba ya dakika ya 5 si ile ya saa ya 3.